Mfuko wa Kadi Nyekundu

Hakuwa na kaburi la mwanawe. Hakuwa na saa ya mkononi wala kiatu kimoja kilichookotwa majini, kama familia nyingine zilivyoletewa. Hakuwa na mke wa kulia naye, maana mama wa kijana alikufa zamani. Hakuwa na meno ya nyuma upande wa kushoto, kwa hiyo alitafuna upande mmoja na kuzungumza polepole, na wasiomjua walidhani anaringa. Hakuwa na kibao mlangoni cha kumtangaza kuwa fundi cherehani, kwa sababu hakukihitaji. Hakuwa na cheti ila kimoja, cha darasa la jioni, alikokwenda akiwa mtu mzima mwenye mvi, akaketi kwenye dawati lililombana magoti mpaka akajua kuandika barua bila kumwomba mtu. Na tangu ripoti ya kampuni itoke, hakuwa na majirani. Nyumba zao zilikuwepo, redio zao zilisikika. Salamu ndizo zilizokatika.

Alichokuwa nacho ni cherehani ya nguo nzito, chuma kitupu, ya kukanyaga kwa miguu, yenye sindano iliyoweza kupenya turubai lililokunjwa mara nne. Mtaani hapakuwa na nyingine. Ndiyo maana wanaume waliofanya kazi kwenye mtambo wa kuchimba mafuta, ule uliosimama baharini mbali kiasi cha kutoonekana, walimletea ovaroli zao apunguze mikono, atie magoti viraka, abadilishe zipu. Chumba chake alikigawa kwa pazia. Upande huu alikaa yeye. Upande wa pili mkwe wake, mke wa marehemu, alisuka nywele za wateja, na binti yake mchanga alilala ndani ya kapu la vitambaa. Watu wa pande zote mbili walisikiana, na zamani hilo lilizaa vicheko vingi.

Mwanawe aliitwa Refa. Si jina alilopewa na baba yake. Alilipata kazini, kwa sababu ya kadi.

Kampuni ilimpa kila mfanyakazi kadi nyekundu ya plastiki ngumu, pana kama kiganja. Kanuni ilisema kwamba mtu yeyote, kuanzia mfagiaji hadi mkuu wa zamu, akiona hatari ainue kadi, kazi isimame papo hapo, wala asiulizwe kwa ukali. Kwenye ukuta wa gati walipopandia boti palichorwa mtu mwenye kofia ngumu, ameinua kadi huku anatabasamu. Fundi aliwahi kuiona picha ile. "Huyu mchoraji mkarimu," alimwambia mwanawe. "Kampa meno yote."

Kulikuwa na kanuni nyingine ambazo hazikuchorwa ukutani. Kila kadi ilikuwa na namba, na aliyeipoteza aliandikiwa onyo. Akiipoteza tena, hakuitwa zamu iliyofuata. Mkuu wa zamu naye hakuruhusiwa kuandika kwamba kazi imesimamishwa mpaka awe ameishika mkononi kadi ya aliyeisimamisha, maana ilipelekwa pamoja na taarifa yake ofisini, nchi kavu. Bila kadi, muda uliopotea ulihesabiwa kuwa uzembe wake mwenyewe.

Refa ndiye pekee aliyewahi kuiinua. Kazi yake ilikuwa kulinda tangi la matope. Wachimbaji husukuma matope mazito ndani ya kisima, nayo hurudi juu; yakirudi mengi kuliko yaliyokwenda, ujue kuna gesi huko chini inayoyasukuma. Siku moja aliona yamezidi, akainua kadi. Kazi ikasimama asubuhi nzima. Wahandisi wakapima, wakapima tena, hawakuona kitu. Wenzake wakaanza: "Refa, na mimi nimecheza rafu?" "Refa, supu imezidi chumvi, mtoe mpishi nje!" Yeye mwenyewe alicheka. Ila zamu mbili zilizofuata hakuitwa, akakaa nyumbani akimsaidia baba yake kukata vitambaa, na vicheko vikapungua.

Katika siku hizo ndipo mtindo wa kushona mifuko ulipoanza. Mfuko wa kifuani wa ovaroli zile ulikuwa mfupi. Mtu akiinama juu ya mabomba, kadi ilichomoka, ikapita kwenye matundu ya sakafu ya chuma, ikaenda kwa samaki. Wa kwanza kuja alikuwa dereva wa winchi ya kunyanyulia mizigo, mtu mcheshi ambaye mtaa mzima ulimwita Winchi.

"Fundi, nizibie huu mdomo," alisema. "Kadi ikae humo kama mfungwa."

Fundi akapitisha mshono juu ya mdomo wa mfuko, kadi ikiwa ndani. Akafuata mpishi wa mtambo, kisha mafundi wa mabomba, kisha wote. Asubuhi kwenye ukaguzi mkuu wa zamu alipita akigusa kila kifua kwa kiganja. Akihisi kitu kigumu, anasonga mbele. Hakuna aliyeuliza kadi itatokaje.

Siku Refa alipoitwa tena kazini, alikuja kwa baba yake na ovaroli mkononi.

"Baba, nami nishonee."

"Wewe? Na ukitaka kuitoa?"

"Sitaitoa tena."

Fundi alishona. Na kwa kuwa ilikuwa nguo ya mwanawe, alirudia mshono mara ya pili.

Mtambo uliungua zamu ileile. Matope yalirudi kwa kishindo, gesi ikafuata, kisha moto. Watu saba hawakurudi. Mpishi alikuwa mmoja wao, na Refa, ambaye hakuonekana hata kidogo. Miezi ikapita, ripoti ikatoka, na kati ya kurasa zake nyingi mtaa ulishika sentensi moja tu: kwamba aliyekuwa zamu kwenye tangi alikuwa na mamlaka kamili ya kusimamisha kazi, na hakuyatumia.

Bwana mmoja wa kampuni alikuja asubuhi moja, amevaa viatu vinavyoogopa vumbi. Alikuwa kijana mpole, hakuwa na makuu. Aliamkia vizuri, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akaweka mkoba magotini.

"Umekuja kupimwa suruali?" fundi aliuliza.

"Hapana, mzee. Nimekuja kwa lile jambo. Familia zote zimetia sahihi. Imebaki ya kwako."

"Karatasi inasema nini?"

"Kwamba mmeipokea ripoti, na hamtakwenda mbele ya Tume ya Uchunguzi. Kampuni nayo itazilipa familia zote fidia. Na yenu pia, mzee, ingawa..."

"Ingawa nini?"

Kijana alitazama pazia. Upande wa pili, mikono ya mkwe ilikuwa imesimama kichwani mwa mteja.

"Ingawa ripoti imesema ilivyosema."

"Ripoti iache huko huko. Sema wewe."

"Kwamba kosa lilikuwa la mwanao."

"Mtambo mzima ule, kosa la mtoto mmoja?"

"Mzee, kila mtu alikuwa na haki ya kuinua kadi. Yeye ndiye aliyekuwa kwenye tangi. Mkuu wa zamu amesema mwenyewe: ningeona kadi, ningesimamisha."

Fundi aliondoa kipande cha uzi kwenye goti lake. "Mifuko ilikuwa imeshonwa," alisema. "Niliishona mimi, hapa hapa nilipokaa."

Kijana alitupa jicho mlangoni. Alipozungumza tena sauti yake ilikuwa chini, na fundi aliona kwamba anamhurumia kweli.

"Hilo halimo kwenye ripoti. Nakushauri kama mtoto wako, usiliingize. Litakugeukia wewe. Watasema baba yake ndiye aliyeziba mfuko. Halafu ujue, sahihi moja ikikosekana, fidia ya wote inasimama mpaka Tume imalize. Tume zina taratibu zake. Inaweza kuchukua miaka."

"Dada," mteja alisema nyuma ya pazia, "suka basi. Kichwa nusu kimesukwa, nusu kimesimama. Nitaolewa upande mmoja?"

Hakuna aliyecheka. Kijana aliacha karatasi juu ya meza ya kukatia, akaiwekea mkasi juu ili upepo usiichukue, akasema atarudi baada ya siku chache.

Alasiri ya siku ile akaja mama wa mpishi. Mtaani waliitana Mama Mpishi na Baba Refa, na kabla ya ajali walitaniana kila siku, yeye akidai fundi anampunja kitambaa, fundi akidai mwili wake ndio unaokipunja. Tangu ripoti itoke hakuwa amekanyaga pale.

"Hodi sisemi," alisema mlangoni. "Sijaja kukaa."

"Karibu, Mama Mpishi."

"Kalamu imekuwa nzito?"

Fundi alimwinulia kigoda. Hakukitazama.

"Nafua nguo za watu, Baba Refa. Umri huu. Tazama." Alionyesha mikono yake, myeupe viganjani kama iliyochemshwa. "Usiku inawaka moto. Mwanangu alikuwa akiniambia, mama, wewe kazi yako sasa ni kukaa ukilalamika. Nikawa nalalamika, nimeshiba. Sasa nalalamika bure."

"Pole, mama."

"Usinipe pole. Wewe una mkwe, una mjukuu, una hilo lichuma lako. Mimi nilikuwa naye yule mmoja." Akavificha viganja ndani ya kanga. "Wewe sikulaumu. Namlaumu mtoto wako. Siku hakuna kitu aliinua kadi, tukacheka. Siku kuna kitu akaikalia. Na leo baba yake anaikalia kalamu."

Fundi alitaka kumwambia habari ya mfuko. Ovaroli ya mpishi aliileta mama huyu mwenyewe, ikiwa imekunjwa vizuri, na akamsimamia fundi akisema shona kwa nguvu, mwanangu ameshapata onyo moja. Alikumbuka au hakukumbuka? Fundi alimtazama akaona hakukumbuka, na hakuwa na moyo wa kumkumbusha.

"Kesho nitatia sahihi," alisema.

Mama Mpishi aliitikia kwa kichwa, akaondoka bila kuaga.

Mkwe alifunua pazia. Alikuwa amembeba mtoto begani na kitana bado kimechomekwa kwenye nywele zake mwenyewe.

"Nimesikia, Baba."

"Fidia itakufaa wewe na mtoto."

"Itatufaa. Siwezi kusema haitatufaa." Alimhamisha mtoto bega la pili. "Sahihi ni yako, sikuamulii. Mimi nawaza jambo moja tu. Huyu akikua akiniuliza baba yake alikuwa mtu gani, kaburi hakuna, picha tunazo mbili, moja amefumba macho. Atakuwa na karatasi hiyo tu. Na itakuwa na sahihi ya babu yake."

Fundi aligeukia meza ya kukatia. Alivuta kalamu kutoka mfukoni, akaijaribu kwenye pembe ya gazeti, ikaandika vizuri.

Kesho yake, kabla hajaigusa karatasi, kivuli kilisimama mlangoni kikakohoa. Alikuwa Winchi. Moto ulimla masikio yote mawili na ngozi ya shingo, na tangu atoke hospitali fundi alikuwa amemwona kwa mbali tu, akibadilisha njia. Mkononi alikuwa na mfuko wa plastiki.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Nilidhani umehama."

"Ningehamia wapi na masikio haya? Watu wataniuliza nimeyauza wapi." Alicheka peke yake, akaacha. Akatoa ovaroli mbili mpya, bado zina mikunjo ya dukani. "Nimepata kazi. Mtambo mwingine, wenyewe ni wengine. Naondoka Jumatatu."

"Hongera. Mikono mirefu?"

"Mikono iko sawa." Winchi alizitazama nguo, si mtu. "Ni mfuko, mzee. Huko nako wana kadi, na ukipoteza wanakuandika vilevile. Ningekwenda kwingine, lakini cherehani za wengine zinavunja sindano."

Fundi alizipokea. Kadi nyekundu ilikuwa tayari ndani ya mfuko wa ile ya kwanza. Akaiweka chini ya sindano, akashusha kiguu cha cherehani, akaweka miguu kwenye pedali. Miguu haikukanyaga.

"Ulikuwa juu kwenye winchi siku ile," alisema.

"Mzee..."

"Juu kule mtu anaona sakafu yote."

Winchi aliketi kwenye kigoda. Upande wa pili wa pazia hapakusikika hata kitana.

"Nilimwona akitoka kwenye tangi anakimbia," alisema mwishowe. "Mkono ameuinua hivi, lakini mtupu. Akamfikia mkuu wa zamu. Mkuu alikuwa anaongea kwenye redio na watu wa ofisini, walikuwa wakimharakisha tangu asubuhi, tulikuwa nyuma ya ratiba. Redio ilikuwa wazi, mimi nasikia kila kitu. Refa akapiga kelele, simamisha, matope yamezidi. Mkuu akamwambia, kadi iko wapi? Hakusema kwa ubaya, mzee. Alisema kama mtu anayeomba tiketi. Kadi iko wapi, nipe kadi niandike."

"Halafu?"

"Akaanza kupigana na kifua chake."

Fundi aliondoa miguu kwenye pedali.

"Alikuwa anavuta mfuko kwa mikono miwili. Akainama akang'ata. Mimi juu kule nikadhani ameingiwa na nyuki ndani ya nguo. Nikacheka, mzee. Mungu anisamehe, nilikuwa nacheka. Nikamwona amepata uzi mmoja, pembe ikaachia, anaingiza vidole, haviingii, anarudi kwa meno. Mkuu amenyoosha mkono anasubiri. Ndipo sakafu ikaruka."

Nyuma ya pazia kigoda kilipinduka, na mlango wa nyuma ukafunguka ukafungwa.

"Kulikuwa na mshono wa pili," fundi alisema. Alisema kama anayezungumza na cherehani.

"Uliwaambia hayo waandishi wa ripoti?" fundi aliuliza baadaye.

"Waliniuliza: uliona kadi yoyote ikiinuliwa? Nikasema hapana. Ni kweli, haikuinuliwa. Wakaandika, wakaita mwingine."

"Na Tume ikikuita?"

Winchi alijifuta shingo kwa uangalifu, pale ngozi ilipokuwa nyororo kama ya mtoto. "Nina watoto wanne, mzee. Nikisema neno moja, hakuna mtambo utakaonipokea tena. Usinitaje. Nakuomba kama baba yangu."

Fundi alimtazama kwa muda. Alimjua mtu huyu tangu akiwa mvulana aliyekuja kupunguziwa kaptura. Angeweza kumwambia neno la kumwumiza, na alikuwa nalo.

"Sitakutaja," alisema.

Akainua kiguu cha cherehani, akaitoa nguo, akaitoa kadi mfukoni. Akatafuta kwenye droo mpaka akapata kamba nyembamba ya nailoni, ile ya kupitisha kwenye kofia za mvua. Akatoboa kadi pembeni kwa msumari uliochomwa kwenye jiko, akapitisha kamba, akafunga.

"Simama," alisema. "Inua mkono."

Winchi aliinua.

"Juu zaidi. Kama unataka mtu wa mbali akuone."

Akamwekea nguo kifuani, akapima kamba kuanzia ndani ya mfuko hadi kwenye vidole vya Winchi, akaongeza kidogo, akakata. Ncha ya pili akaishona ndani kabisa ya mfuko, akaipigia mshono wa kwenda na kurudi. Mdomo akauacha wazi, akautia kifuniko chenye kifungo cha kubana, kinachoachia ukikivuta.

"Vaa ujaribu."

Winchi aliivaa juu ya nguo zake, akavuta. Kadi ikatoka, kamba ikaifuata, na mkono ukafika juu bila kukwama popote. Akaiachia, ikaanguka ikaning'inia tumboni kwake, haikwenda kokote.

"Kumbe," alisema Winchi.

Ilikuwa kazi ndogo. Kwa muda huo hata maji ya chai yasingechemka. Fundi aliitia na ile ya pili kamba yake, ya kufungia kadi siku ya kubadilisha nguo, akachomeka sindano kwenye mto wake. Winchi alitaka kulipa. Fundi akamwonyesha mlango kwa kidevu, si kwa hasira.

Alikwenda kwa Mama Mpishi kabla ya kufanya jambo lolote jingine, kwa sababu aliona si haki asikie kwa watu. Alimkuta uani akikamua mashuka. Akashika ncha ya pili ya shuka, wakalikamua pamoja, maji yakamwagikia viatu vyake.

"Umetia?" aliuliza mama.

"Sijatia. Sitatia."

Mama Mpishi aliacha shuka lianguke kwenye beseni. Fundi akamweleza yote isipokuwa jina la aliyemwambia. Akamweleza mfuko wa Refa, na mishono miwili, na meno. Mama Mpishi alisikiliza huku amejishika kiuno kwa mikono iliyolowa.

"Basi ni wewe," alisema.

"Ni mimi pia."

"Pia na nani? Na mimi? Maana nilikuletea ya mwanangu, nikakwambia shona kwa nguvu. Usidhani nimesahau." Alianza kulia, uso haukukunjamana, machozi tu. "Sijasahau. Nilikuwa namwomba Mungu wewe usahau."

"Si wewe, mama. Yuko aliyetunga onyo. Yuko aliyesema kadi kwanza, watu baadaye. Yuko aliyekuwa ofisini anaharakisha. Hao hawajaulizwa. Nikitia sahihi, hawataulizwa kamwe."

"Na wakiulizwa, mwanangu atarudi kupika?"

"Hatarudi."

"Nitafua mpaka lini?"

Fundi aliinama akaliokota shuka kutoka kwenye beseni. Alisimama pale na viatu vyenye maji, mzee mwenye cheti kimoja.

"Nenda kaandike," alisema Mama Mpishi. "Najua utaandika, kichwa chako kigumu tangu zamani. Lakini usinipitie hapa tena na salamu zako. Sitaweza kuziitikia."

Aliandika mchana uleule, kwenye meza ya kukatia, baada ya kufagia vipande vya vitambaa na kunawa mikono. Karatasi ya kampuni aliikunja akaiweka kando, haina sahihi. Aliandika kwa mkono wa darasa la jioni, herufi zimesimama wima, kila moja imeachiwa nafasi yake. Mkwe alikuwa amerudi, macho yamevimba. Fundi alimsomea kwa sauti.

"'Waheshimiwa wa Tume. Mimi ni fundi cherehani. Ninayeandika ni baba wa marehemu aliyekuwa kwenye tangi la matope. Mfuko wa kadi katika ovaroli yake niliushona mimi, mishono miwili, kadi ikiwa ndani. Mifuko ya wenzake niliishona vilevile, mshono mmoja mmoja. Tafuteni ovaroli za waliopona mzitazame. Kampuni haikunituma nishone. Lakini ilimwandikia onyo kila aliyepoteza kadi, na kila asubuhi iligusa vifua vya watu, isiulize kadi itatokaje. Aliyetunga onyo ana sehemu yake. Aliyetaka kadi iwe mkononi mwake ndipo asimamishe kazi ana sehemu yake. Waliomnyima mwanangu zamu mara ya kwanza alipoinua kadi wana yao. Mimi nina yangu, na naileta mwenyewe bila kuitwa. Mkimaliza kugawa, tazameni mwanangu amebakiwa na nini, mumwandikie hicho, si zaidi.'"

Mkwe alisogea, akaweka kidole kwenye mstari wa mwisho. Kisha akasema, "Hapo 'si zaidi' pana ukali, Baba."

"Paache."

Chini aliandika jina lake lote, na chini ya jina lake akaandika la mwanawe, lile alilompa yeye siku alipozaliwa. Alikuwa hajaliandika tangu fomu za shule. Akalitazama mpaka wino ukakauka.

Kwa desturi yake, kitu chochote alichopeleka posta alikifunga kwa kitambaa na kukishona pande zote, mishono midogo isiyofunguka njiani. Mkwe, kwa mazoea, alikuwa amekwisha kutunga uzi kwenye sindano, akamnyooshea. Fundi aliitazama sindano ile, akaichukua, akairudisha kwenye mto.

"Nipe gundi," alisema.

Alipaka ukingo wa bahasha, akaukunja, akaukandamiza kwa kiganja mpaka ukashika. Atakayeipokea ataifungua kwa kidole kimoja.

Njiani kwenda posta alipita uani kwa Mama Mpishi, kwa kuwa njia ni hiyo moja. Mashuka yalikuwa yameanikwa, na nyuma yake kivuli cha mama huyo kilikuwa kikitembea. Hakusalimia, kama alivyoombwa. Kivuli kilisimama mpaka alipopita.

"Ya kawaida au ya rejista?" karani wa posta aliuliza dirishani.

"Ya rejista."

Karani aliigeuza bahasha, akasoma anwani, akamtazama mzee, akaigonga mhuri mara mbili na kuitupa kwenye gunia.

"Anayefuata," akasema.